Wanakokotoa umri wa beringi, kisha wanaiua kwa nyundo

Kijana alikuwa wa mwaka wa nne, uhandisi wa mitambo, na alikuja kwetu kwa atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, akiwa na ovaroli mpya ambayo mikunjo ya dukani haijanyooka. Kiwanda chetu kiko eneo la viwanda, Nairobi, na kazi ya idara yetu ni moja tu: mashine zisisimame. Siku ya tatu nikampa kazi ndogo. Pampu ya maji ilikuwa imefunguliwa, beringi kuukuu imetolewa, mpya iko mezani ndani ya karatasi yake ya mafuta. Aipachike kwenye shafti, basi.

Akaitoa, akaiweka kwenye ncha ya shafti, akashika nyundo na kuanza kugonga pete ya nje. Ngo, ngo, ngo. Mzee wetu wa karakana, aliyeanza kufunga beringi kabla kijana huyu hajazaliwa, akainua mkono.

"Hebu simama hapo, kijana wangu. Hiyo ushaiua."

"Lakini mzee, inaingia."

"Inaingia, ndiyo. Inaingia ikiwa maiti."

Kwa macho haikuwa na jeraha lolote. Iling'aa vilevile. Lakini beringi ni pete mbili zenye gololi katikati, na ukigonga pete ya nje ili ile ya ndani ipande kwenye shafti, nguvu yote ya nyundo inapitia kwenye gololi. Kila gololi inachimba kishimo kwenye njia yake, kidogo kiasi kwamba huwezi kukiona. Wiki chache baadaye pampu inaanza kulia, halafu inanguruma, halafu inasimama usiku wakati hakuna duka la vipuri lililo wazi. Mzee akachukua kipande cha bomba chenye kipenyo sawasawa na cha pete ya ndani, akakisimamisha juu ya beringi nyingine, akagonga mara nne, tena kwa upole. Ikapanda, ikakaa.

Jioni nikamuuliza kijana kama beringi wamewahi kusomeshwa. Akachomoa kalamu na kuandika nyuma ya kadi ya kazi, bila kusita, fomula ya umri wa beringi: uwezo wake ugawanywe kwa mzigo, jawabu lipandishwe kwa kipeo cha tatu. Akanieleza kwamba mzigo ukiongezeka mara mbili, umri unashuka hadi sehemu moja ya nane. Alikuwa sahihi kabisa. Ila katika miaka minne hakuna mtu aliyewahi kumkabidhi beringi mkononi.

Simlaumu, maana nami nilitoka chuoni hivyohivyo. Mwaka wetu wa pili leithi moja, mashine ya kukereza chuma, ilikuwa ikizungukwa na wanafunzi kumi na watano. Aliyewahi mbele alikereza, wawili watatu waliona cheche na vipande vya chuma vikijikunja, sisi wengine tulinakili ripoti. Nilipata alama nzuri ya kukereza bila kukereza chochote.

Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yakitoka, simu yangu haitulii. Shangazi, jirani, mama wa kanisani, wote wana swali moja: mtoto amepita hisabati na fizikia, tumjazie nini, mitambo au mekatroniki? Na hii ya magari je? Na hii ya mitambo na utengenezaji? Na ile ya ndege? Majina yameongezeka kweli, na mzazi anayasoma kwenye tovuti ya kuwapanga wanafunzi vyuoni kama mtu anayechagua shati. Jibu langu huwa haliwaridhishi. Nawaambia shina ni moja. Miaka miwili ya kwanza karibu wote watasoma hisabati ileile, michoro ileile, mekanika, thamodinamiki, uimara wa vyuma. Mekatroniki itaongeza vitambuzi, umeme na programu juu ya shina hilo, na ni kozi nzuri. Lakini roboti nayo ina beringi. Swali la kuuliza chuo ni jingine: ndani ya miaka mitano, mtoto wangu atasimama mbele ya mashine saa ngapi, na akisimama, atakuwa pamoja na wangapi?

Nina jambo moja ninalotaka kulisema hapa, na najua wahandisi wenzangu kadhaa watalipokea vibaya. Kozi zetu zimejengwa kumtoa mbunifu wa mashine mpya katika nchi ambayo karibu kila mashine imeagizwa na kazi halisi ni kuitunza. Injini za treni zetu zimetoka nje, tabo za kuzalisha umeme kule Olkaria zimetoka nje, mashine zinazojaza chupa na kukata mabati zimetoka nje. Mhitimu akipata kazi ya uhandisi, tena akibahatika, uwezekano mkubwa ni kwamba atatunza, atarekebisha, atatafuta kwa nini kitu kimevunjika. Ila utunzaji kwenye mitaala yetu ni somo la pembeni, la muhula mmoja hivi, linalofundishwa na aliyekosa somo la maana zaidi. Ningelifanya uti wa mgongo. Si kwa kuwa kubuni hakutufai, bali kwa kuwa sijaona mlango mwingine wa kufikia huko.

Tulifikaje hapa? Tazama historia ya jiji hili. Mwaka 1956 kilichofunguliwa pale karibu na barabara ambayo leo inaitwa Harry Thuku hakikuwa chuo kikuu. Kilikuwa Royal Technical College, chuo cha ufundi cha Afrika Mashariki nzima. Mwaka 1961 kikapandishwa kikawa Royal College, kikiwaandaa wanafunzi kwa shahada za Chuo Kikuu cha London, na mwaka huohuo ikaanzishwa Kenya Polytechnic, upande wa pili wa katikati ya jiji, karibu na reli. Kichwa kikabaki mlimani, mikono ikateremshwa bondeni. Chuo cha juu kikawa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970. Basi ungedhani angalau politekniki ingebaki na mikono. Mwaka 2007 ikawa chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2013 ikawa Technical University of Kenya. JKUAT, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kule Juja, nayo ilianza mwaka 1981 kwa msaada wa Japani kama chuo cha stashahada na vyeti, ikawa chuo kikuu mwaka 1994. Ngazi baada ya ngazi iliyojengwa kwa ajili ya fundi imepanda juu na kuacha nafasi yake wazi chini.

Sisemi walikosea kupanda. Kenya ambayo mshahara na heshima vinafuata karatasi, nani angekubali kubaki chini? Humu nchini "Injinia" ni cheo kama Daktari au Mheshimiwa: kinatajwa kwenye harambee, kinachapishwa kwenye programu ya mazishi. Sijasikia mshereheshaji akisema "tunaye pia Fundi Mkuu". Huko Tanzania angalau wana majina ya kueleweka, fundi mchundo, fundi sanifu, mhandisi, na kila mmoja anajua yuko wapi. Kwetu ukishuka kutoka injinia unaangukia "makanika", na mama yako hatalisema hilo sokoni.

Toka lango la chuo kikuu, teremka hadi mzunguko wa Globe, fuata barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Ni mwendo wa miguu, hata jasho halijatoka. Pale kuna watu wanaofungua gia boksi juu ya gunia, wanaochomelea fremu ya matatu huku kondakta akipiga kelele, wanaotengeneza kwa mkono kipuri ambacho muuzaji aliyeidhinishwa angekuagizia kwa majuma sita. Endelea mashariki hadi Kamukunji na Gikomba usikie nyundo: masanduku ya wanafunzi wa bweni, karai, wilibaro, majiko. Lile jiko la makaa lenye kiuno chembamba na udongo ndani, lililoenea kila nyumba tangu miaka ya 1980, wazo lake lilitoka kwenye jiko la Thailand, lakini umbo na bei vilinyooshwa na mikono ya mafundi wa jiji hili. Hiyo ni kazi ya thamodinamiki: udongo unazuia joto lisipotee, tundu za chini zinapimia makaa hewa. Katika miaka mitano ya kusoma uhamishaji wa joto, darasa letu halikupelekwa Kamukunji hata siku moja. Tulikokotoa joto linalopita kwenye ukuta wa tanuri la mahali ambapo theluji huanguka.

Sasa, kuna watu wataniambia, wewe unataka kugeuza chuo kikuu kiwe gereji. Hapana. Ngoja nieleze kisa cha pili, kwa kuwa cha kwanza peke yake kinadanganya.

Tulikuwa na mashine ya kuchanganyia ambayo shafti yake ilikatika. Mzee akaipeleka kwa mafundi wa Kariobangi, ikachomelewa, ikakerezwa, ikarudi. Baada ya miezi miwili ikakatika tena mahali palepale. Ikachomelewa tena, safari hii kwa waya mzito zaidi. Ikakatika. Mzee akaamua chuma ni kibovu, akanunua kipande kipya, kigumu zaidi na cha bei ghali, akaagiza kikerezwe kama kile cha kwanza. Kikakatika, tena haraka kuliko vyote.

Mwaka huo tulikuwa na mwanafunzi wa kike, mpole, aliyekuwa akiogopa kelele za kompresa. Aliomba aone vipande vilivyokatika. Akavigeuza kwenye mwanga wa dirisha akamwita mzee: "Baba, njoo uone hapa." Uso wa mkato ulikuwa na mistari iliyojipinda mmoja baada ya mwingine, kama mchanga wa pwani maji yakipwa, na mistari yote ilianzia kwenye kona moja, pale ambapo shafti nene inakuwa nyembamba. Kona ilikuwa imekerezwa mraba, kali kama ya meza. Akaeleza kwamba chuma hakikukatika siku ile kilipokatika. Ufa ulianza mapema, ukawa unatembea kidogo kidogo kila mzunguko, na kona kali ndiyo inayokusanya mkazo wote mahali pamoja. Chuma kigumu zaidi kinavumilia kona kali vibaya zaidi. Dawa ilikuwa kuiviringa kona, milimita chache tu za mviringo, kwa chuma kilekile cha kawaida.

Mzee alinyamaza kwa muda. Halafu akauliza, "Sasa miaka hii yote mimi nimekuwa nikichomelea nini?" Ile shafti bado inazunguka.

Kwa hiyo sitaki nadharia ipunguzwe hata ukurasa mmoja. Mzee alikuwa na mikono ya miaka thelathini na hakuweza kuona ufa, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha kuusoma. Na binti aliuona kwa sababu siku hiyo, kwa bahati, kipande kilichovunjika kilikuwa mezani. Ninachouliza ni kwa nini ukutane na kipande kilichovunjika kwa bahati, kwenye atachimenti ya wiki nane au kumi na mbili, wakati Grogan kuna shafti zilizokatika za kutosha kujaza maabara za nchi nzima, na zinauzwa kwa kilo kama chuma chakavu.

Neno uhandisi lenyewe tumelichukua kwa Waarabu, handasa, nao walilichukua kwa Waajemi, ambako lilihusu kipimo. Mhandisi ni mpimaji kabla ya yote. Lakini mpe mhitimu kalipa, kile kifaa cha kupimia kipenyo na unene, umwambie apime kipenyo, halafu tazama anachoandika: kikokotoo kimempa desimali nane, basi anaziandika zote nane, ilhali kalipa aliyoshika inaishia mbili.

Kuna jambo jingine kuhusu kipimo ambalo hunikera zaidi, nalo ni kwamba tunafundisha hewa ya mahali pengine. Nairobi iko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa hapa ni kama kilopaskali 82, ilhali Mombasa ni 101. Maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, na kila mpishi wa githeri anajua bila kusoma kwamba maharagwe yanachelewa. Lakini mifano yote tuliyofanya darasani ilianza na "chukulia shinikizo la hewa ni 101". Tukachukulia. Pampu inayovuta maji kutoka chini haivuti kwa nguvu zake, hewa ndiyo inayoyasukuma maji juu. Pwani hewa inaweza kuyasukuma hadi mita 10 na kidogo kwa nadharia, hapa haifiki mita 8 na nusu. Nimekuta pampu imewekwa juu ya tangi kwa hesabu ya kitabu, nadhifu kabisa, na ndani yake viputo vya mvuke vimelitafuna panga lake linalosukuma maji hadi likawa kama mkate ulioingiwa na mende. Aliyeiweka alikuwa na shahada ya daraja la kwanza. Injini ya dizeli isiyo na tabochaja ya kuisukumia hewa nayo hupoteza sehemu ya nguvu yake huku juu, kisha mwenye jenereta anadai ameuziwa bandia.

Na mvuke je? Olkaria, kule Naivasha, mtambo wa kwanza wa megawati 15 uliwashwa mwaka 1981, na leo hakuna nchi Afrika inayozalisha umeme mwingi wa jotoardhi kama Kenya. Mvuke wa ardhini hauko safi kama wa kitabuni. Unabeba madini ya silika yanayoganda kwenye mabomba na kwenye mapanga ya tabo. Lingekuwa somo letu sisi, la kufundisha hata wageni, na wapo wachache wanaolifundisha vizuri. Kwingine bado tunachora boila la makaa ya mawe.

Wengi hapa watanikumbusha gari la Nyayo, wakicheka. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, magari matano ya majaribio yakaundwa, kasi yakafika kilomita 120 kwa saa, na uzinduzi ukafanyika mwaka 1990. Hayakuwahi kuuzwa. Pesa haikupatikana, wala hesabu za soko hazikuwa zimefanywa, na mzaha ukabaki. Mimi nalisoma tofauti. Kilichobaki baada ya gari ni karakana: mradi ule ndio uliozaa Numerical Machining Complex, yenye mashine za kukereza zinazoongozwa kwa nambari, ikitengeneza vipuri. Tulianza na paa tukaishia na msingi. Laiti tungeanza na vipuri kwa miaka kumi, na wanafunzi wa kila mwaka wakapita pale wakivikereza, huenda gari lingekuja lenyewe. Labda nakosea, lakini nchi zilizotutangulia nyingi zilianza kwa kukarabati vya wenzao.

Wakubwa wana ugomvi wao mwingine. Kwa miaka Bodi ya Wahandisi na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu zimevutana juu ya nani anaidhinisha kozi, na kuna wahitimu walioishia mahakamani baada ya kukataliwa kusajiliwa. Mwanafunzi aliyelipa karo miaka mitano hastahili mateso hayo, hilo halina mjadala. Ila ukisikiliza mvutano wenyewe, utasikia mengi juu ya mamlaka na machache juu ya leithi. Sheria ya Wahandisi ya 2011 inamtaka mhitimu afanye kazi angalau miaka mitatu kabla ya kuwa mhandisi kamili, na wazee wengi wanaona hapo ndipo mikono itakapofunzwa. Na akikosa kazi? Mikono itafunzwa na nani?

Wahadhiri nao ni watu, wanapanda cheo kwa makala za majarida, si kwa idadi ya wanafunzi wanaojua kupachika beringi. Namjua mmoja aliyekuwa akija na pampu mbovu kwenye buti ya gari lake, akiivunja mbele ya darasa. Alistaafu akiwa mhadhiri mwandamizi. Hakuwahi kuwa profesa.

Ningekuwa na uwezo ningebadilisha kitu kimoja tu, na hakihitaji mashine mpya wala wafadhili. Mtihani wa mwisho wa usanifu wa mashine, mwaka wa nne, saa tatu. Badala ya karatasi ya maswali, kila mwanafunzi anakuta mezani kipande kilichovunjika, kimenunuliwa kwa kilo Gikomba: gia iliyong'oka meno, shafti, panga la pampu, springi ya matatu. Aandike kimevunjikaje, kilibeba mzigo gani, kingedumu muda gani, na angekitengeneza upya vipi ili kisivunjike hivyo tena. Hesabu zote za miaka minne zimo humo. Na msahihishaji wa pili awe fundi kutoka Kariobangi, alipwe kama msahihishaji yeyote.

Kundi jipya la atachimenti linaripoti kwetu Jumatatu, wanne safari hii, wawili wa mitambo na wawili wa mekatroniki. Ile beringi ya yule kijana sikuitupa, iko kwenye droo ya meza yangu. Bado inang'aa. Ukiishika pete ya ndani kwa vidole viwili ukaizungusha ile ya nje polepole, inakwenda laini, laini, kisha inashikwa na kigugumizi, halafu inaendelea.